Jumamosi ya salongo msituni Tshivanga

Saa kumi na nusu alfajiri. Bado giza, natafuta viatu vya mpira kwa tochi ya simu. Wiki nzima mimi ni muuguzi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Leo nina salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ila si ile ya kuzibua mitaro kwetu Kadutu. Tunapanda Tshivanga, kwenye Mbuga ya Kahuzi-Biega, kusafisha njia wanayopita wageni wanaokwenda kuona gorila.

Saa kumi na mbili gari linaondoka. Ni kilomita kama 30 tu, lakini ukishafika Miti na kukata kushoto, baridi inaanza kukazana. Huku ni zaidi ya mita 2,000, na kilele cha Kahuzi kinafika mita 3,308. Koti langu jembamba, kama kawaida.

Saa moja na nusu, kituoni. Mlinzi wa mbuga anauliza nani ana mafua. Kijana mmoja anapiga chafya, anasingizia vumbi. "Mdogo wangu, leo utapanga magunia hapa hapa," anaambiwa. Hilo halina mzaha. Mafua tunayoyamaliza kwa tangawizi na limau yanaweza kushuka kwenye mapafu ya gorila yakamuua, ndiyo maana hata wageni huvaa barakoa. Kwa kuwa ni mtu wa hospitali, chupa hazinisumbui sana. Ninachotafuta siku nzima ni karatasi za kufutia pua, zile zinazoachwa juu ya majani ambayo mtoto wa gorila atakuja kuyachezea.

Saa mbili tunaingia. Panga linafanya kazi: mianzi iliyolala njiani, na mimea inayotambaa, inayopanda miti hadi kuifunika ikakosa jua. Mzee anayetuongoza ni pisteri, mfuata nyayo za gorila, naye ni Mtwa, mmoja wa Batwa, wenyeji wa msitu huu. Hapendi ufyekaji wa haraka haraka. Ukikata mwanzi mshazari, unaacha mkuki unaosubiri mguu wa mtu. Anakurudisha ukate tena, chini kabisa, sawa na ardhi. Kisha kuna vifereji vinavyokata njia kwa upande ili maji ya mvua yatoke. Vikijaa majani, mvua chache tu zinageuza njia kuwa korongo, wageni wanaanza kukanyaga pembeni, na njia moja inakuwa tatu. Tunavichimbua kwa jembe, penye mizizi kwa mikono.

Mzee hasemi mengi. Watu wake waliishi humu. Mbuga ilianzishwa mwaka 1970, Batwa wakafukuzwa, na leo Mtwa ndiye anayehitajika kutuonyesha njia. Tukizungumza uhifadhi bila kutaja hilo, naona tunadanganyana.

Saa tano anainua mkono, tunasimama. Chini ya majani kuna kitanzi: waya wa breki ya pikipiki uliofungwa kwenye kijiti kilichopindwa, umepakwa tope usimetemete. Umetegewa wanyama wadogo kama funo, lakini gorila akiingiza mkono, kila akivuta unazidi kukaza, na vidole huweza kuoza. Sisi hatugusi. Mlinzi anapiga picha, anaandika mahali, ndipo anakata.

Saa saba tunakula, bugali baridi na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Mabaki yote yanarudi guniani, hata mbegu ya avoka.

Saa nane mvua. Tunashuka kwenye barabara ya kwenda Bunyakiri, ile inayopasua mbuga katikati, na hapo ndipo takataka zenyewe zilipo: sashe za pombe kali, chupa za maji, vyote vimerushwa kutoka kwenye malori. Magunia yanajaa upesi kuliko asubuhi yote msituni. Halafu watu husema wachafuzi ni watalii.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, Kadutu. Sashe zimebaki kituoni, hakuna anayezitaka. Chupa nimezileta kwa mama anayeuza mawese mtaani kwetu, naye anazipekua moja moja.

"Hizi bila vifuniko, mwanangu, nizifanyie nini?"

Anachukua nusu. Zilizobaki siwezi kuzitupa mtaroni. Zitafika Ziwa Kivu, kisha kwenye bwawa la Ruzizi ambako takataka za mji huu huziba mitambo ya umeme. Kwa sasa ziko uani, na mume wangu ameshauliza zitaondoka lini.