Siku moja maishani mwangu: lebo zimefutika, mizizi ikasema yenyewe

Saa 12 asubuhi, nje giza totoro na baridi ya Ujerumani ya mwezi wa 11, mi mtu wa Tanga sijaizoea hadi leo. Chai ya tangawizi chapchap, mbio kwenye tramu. Watu nyumbani nikiwaambia nasomea mimea wanaona kilimo tu, yani nitarudi kuwaletea mbolea 😂 kumbe kazi yangu ni saitoskeletoni, nyuzi za protini ndani ya seli ya mmea zinazofanya seli irefuke badala ya kunenepa.

Saa 2 maabara. Naosha mbegu za Arabidopsis, kammea kadogo ka majaribio, kwa spiriti na jiki, ni kadogo hako kambegu kama punje ya chumvi, napanga moja moja kwa kijiti cha meno juu ya agari, ile jeli ya kuoteshea, zikae friji siku 3 ndo zichipue kwa pamoja. Kazi ya mgongo kuuma.

Saa 4 zamu yangu ya mikroskopu ya leza, nimebuku masaa mawili. Mche wa siku nne nimeuotesha gizani, mrefu mwembamba umepauka, kama maharage uliyoyasahau chini ya ndoo. Na ujue hicho kishina hakijaongeza seli za maana, ni zilezile zimevutika tu. Nyuzi zimeungwa na protini ing'aayo iliyotoka kwa yavuyavu wa baharini, leza ikipiga unaziona za kijani, zinarefuka huku zinakatika kule, hazitulii. Hizi zinaitwa mikrotubuli, vimrija vya nanomita 25. Humu zimekatisha upana wa seli, pingili kwa pingili.

Sasa seli imejaa maji na presha yake inapita ya tairi la gari mara kadhaa, na presha haichagui upande, inasukuma kote, kwanini basi isivimbe kama puto? Mi najielezaga kwa mkaja. Mzazi akifungwa mkaja tumbo haliwezi kutanuka pembeni. Ila hapa wengi wanachemka, mikrotubuli sio mkaja wenyewe, mkaja ni selulosi, nyuzi ngumu zilizoko kwenye ukuta wa seli kwa nje, mikrotubuli ni reli zinazoongoza mashine za kuifuma zipite wapi. Mwanasayansi Paul Green alibashiri mwaka 1962 kwamba lazima kuna nyuzi za namna hii, wakati hakuna aliyeziona vizuri kwenye seli ya mmea, mwaka uliofuata Ledbetter na Porter wakazipiga picha, halafu 2006 Paredez na wenzake wakazirekodi zile mashine zikitembea juu ya reli laivu kabisa. Mwendo wake kama nanomita 300 kwa dakika, yani milimita moja inakula zaidi ya siku mbili. Hata daladala ya mwisho wa mwezi ina spidi.

Saa 7 ugali na maharage ya jana.

Saa 8 ndo balaa. Nina pleti sita, visahani vya agari, zenye mizizi, tatu nimeweka oraizalini, dawa ya kuua magugu inayovunja mikrotubuli, tatu hazina kitu. Jana nilizipangusa kwa spiriti kama mtu msafi, kumbe nimefuta makapeni yote! Nilikaa chini kabisa. Nikazigeuza kwenye taa, aisee, tatu mizizi imenyooka kama uzi, tatu ncha zimevimba kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Reli hazipo, selulosi inafumwa shaghalabaghala, seli zinatanuka kila upande. Sikuhitaji lebo. Supavaiza akaangalia akacheka, akasema ni kweli tunazijua ila huwezi kutumia matokeo unayoyatambua kwa kukisia, rudia. Wiki nzima imeenda hivyo. Na alikuwa sahihi, ndo kinachouma.

Saa 12 jioni, nyumbani ni saa 2 usiku, nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umekula?"

Nikamsimulia mizizi, reli, mkaja, akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo hiyo dawa yako imeufungua mkaja."

"Haijaufungua mama, imemlevya anayeufunga."

"Haya. Na wewe ulisahau kuandika majina?"

Mama bwana. Nikarudi ghorofani, nikachukua masking tepu na penseli, nikamimina agari kwenye pleti sita mpya.