Siku Waigizaji Walipoisoma Skripti Yangu

Wakati huo nilikuwa mtu wa riwaya tu, sasa dairekta mmoja akaipenda riwaya yangu akataka tuifanye muvi, tena skripti niandike mwenyewe. Nikakubali fasta. Aliyenipa moyo ni Ousmane Sembène wa Senegal, jamaa alikuwa kuli bandarini Marseille, akaandika riwaya, halafu akikaribia miaka 40 akaenda Moscow kusomea filamu kwa sababu aliona watu wake wengi hawajui kusoma lakini sinema watatazama, na mwaka 1968 akaitoa Mandabi kwa Kiwolofu kutoka kwenye hadithi yake mwenyewe. Nikasema kama ni hivyo twende.

Basi ikafika siku ya kusoma mezani. Kama hujawahi kuona, waigizaji wanakaa kuzunguka meza, kila mmoja anasoma maneno ya mhusika wake, na kuna mtu anasoma yale maelezo ya katikati, nani kaingia, kafanya nini. Siku hiyo kazi ya maelezo alipewa kijana mmoja mpole, akaanza vizuri tu, tukafika sini ya mama anayemsubiri mwanawe usiku wa mvua, na hapo nilikuwa nimejimwaga haswa, mvua, hofu ya mama, marehemu mumewe, utoto wa huyo mwana, kijana akasoma, akasoma, akavuta pumzi, akasoma tena, wenzake wakaanza kuangaliana, na yule mama ambaye alikuwa na neno moja tu la kusema mwishoni akapitwa na zamu yake.

Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini, muvi ya kawaida inakuwa na kurasa 90 mpaka 120 hivi. Sasa piga hesabu, ukurasa mzima wa mama kukaa kwenye kiti.

Ila aliyenimaliza ni dada wa prodakisheni. Alikaa pembeni na kalamu nyekundu, hadithi wala haisikilizi, yeye anazungushia maneno tu. NJE, anazungushia. USIKU, anazungushia. Mvua, mara mbili. Tulipofika kwa mbwa anayebweka getini akainua kichwa akaniangalia.

Mapumziko nikamfuata. "Dada, kwani mvua ina shida gani?"

"Kaka, wewe umeandika neno moja, mimi nitafute gari la maji, pampu, taa za usiku, na nguo za huyu mama seti kadhaa zinazofanana, maana tukirudia shoti hawezi kuanza akiwa ameshalowa."

Aisee. Kwenye riwaya mvua ni ya bure! Unaangusha mafuriko, unaleta vita, unaita watu elfu harusini na mchapishaji hana neno. Fundi wa sauti alikuwa karibu anakunja waya zake, akasema kama vile hayamhusu, "Mama si anaweza kukaa ndani? Basi mvua isikike tu." Sini ikabadilika palepale: NDANI, SEBULENI, USIKU.

Usiku huo nikawa nasikiliza mpira redioni ili nipumzishe akili, na nikajikuta namsikiliza mtangazaji kuliko mechi yenyewe. Anapokea, anageuka, anatazama kushoto, anarudisha nyuma. Mchezaji anawaza nini hasemi, muda wenyewe hana, lakini unajua kabisa huyu kaogopa. Nikazima redio nikaandika: Mama anasikia mlango. Anainuka. Anakaa tena. Basi, hofu yote imo humo, na kwa maoni yangu ni nzuri kuliko ule ukurasa.

Ukurasa wenyewe sikuutupa lakini. Graham Greene, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, naye kabla ya skripti ya The Third Man, ile muvi ya 1949, aliiandika kwanza kama hadithi, kwa hiyo mimi kuwa na hadithi pembeni ya skripti sioni aibu. Mwigizaji wa mama aliniomba akausome peke yake, na aliporudi alikuwa anakaa kwenye kile kiti tofauti kabisa, nusu ya makalio, kama mtu anayejua ataitwa muda wowote.

Drafti ya pili dada wa prodakisheni akaipitia yote kimya, kalamu mkononi. Mvua hakuigusa. Mbwa nilikuwa nimemwacha. Akamzungushia.