Punje za sikioni na mafua ya chavua: namna ya kuzipima bila kujidanganya

Oktoba ikiingia, Melbourne huanza msimu wa raigrasi, majani ya malisho yaliyotapakaa kwenye mashamba ya mifugo nje ya jiji. Upepo wa kaskazini ukivuma siku ya joto, chavua yake humiminika mjini, na hali huwa hivyo hadi Desemba inakwisha. Wahamiaji wengi, wakiwemo Wakongo, Warundi na Wakenya, hufika wakiwa na pua nzima kabisa, kisha baada ya misimu kadhaa wanaanza kupiga chafya kama wenyeji. Mwili unahitaji muda kujenga kingamwili za IgE, zile zinazoamsha mzio, dhidi ya kitu ambacho haujawahi kukutana nacho, ndiyo maana mwaka wa kwanza hudanganya.

Hapo ndipo mtu anaposikia habari za punje za sikioni, zinazosemekana kupunguza mafua hayo. Ni mbegu ndogo nyeusi za mmea wa vakaria, duara, zenye upana wa milimita 2 hivi, kila moja imebandikwa katikati ya kiplasta cha mraba. Zipo pia za chuma na za sumaku. Haidungwi sindano, mtu anabandika na kubonyeza mwenyewe. Ramani ya sikio inayotumika leo, yaani ya nukta za kubonyeza zinazosemekana kuhusiana na viungo vya mwili, ilianzia kwa daktari Mfaransa Paul Nogier wa Lyon miaka ya 1950, aliyelifananisha sikio na mtoto aliyeinama kichwa chini tumboni mwa mama. Wachina wakaichukua, wakaipanua na kuiwekea viwango vyao vya kitaifa. Ramani hizo mbili hazikubaliani kila mahali, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu mwenye akili awe na tahadhari. Chagua moja ushikamane nayo. Hapa tunafuata ya Kichina, kwa kuwa ndiyo iliyotumika zaidi katika majaribio ya mafua ya mzio.

Ushahidi upo, ila si mzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, Melbourne, wamelishughulikia suala hili kwa miaka mingi, na mwaka 2014 wao na wenzao wa China walichapisha jaribio la watu zaidi ya 200 wenye mafua ya mzio ya mwaka mzima. Waliobonyeza nukta halisi walipata nafuu kuliko waliobonyeza nukta za uongo, za kulinganishia tu. Hayo ni mafua ya mwaka mzima, lakini, yanayoletwa hasa na utitiri wa vumbi la magodoro. Mafua ya msimu ni magumu zaidi kupima, na sababu tutaiona.

Kubandika

Osha sikio, kisha lifute kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70 na uliache likauke lenyewe. Ukibandika kabla halijakauka, plasta itang'oka jioni ileile. Mafuta ya nywele ndiyo adui mkubwa: ukipaka mafuta ya nazi au shea asubuhi, anza na sikio, mafuta yaje baadaye, na yasishuke masikioni.

Nukta tano zinatosha. Ya kwanza, Shenmen, iko ndani ya kishimo cha pembetatu sehemu ya juu ya sikio, karibu na pembe ya nyuma. Ya pua ya ndani iko upande wa ndani wa kile kinundu cha gegedu kilicho mbele ya tundu la sikio, nusu ya chini; hii ndiyo inayowashinda wengi, maana kidole hakifiki vizuri, na punje ikilegea huelekea kwenye tundu. Ya mapafu iko kwenye bakuli la sikio, chini, pembeni mwa katikati ya bakuli. Ya tezi iko ndani ya ule mkato uliopo juu kidogo ya ndewe. Ya tano, Fengxi, ambayo vitabu vya zamani viliiita nukta ya mzio, iko kwenye mfereji wa juu, kati ya ukingo wa nje wa sikio na ule mwinuko wa pili wa ndani.

Usitegemee picha peke yake, kwani masikio hayafanani. Chukua kijiti butu (kibiriti kilichoondolewa kichwa chafaa), gusa eneo lote taratibu kwa nguvu ileile, na mahali panapouma kuliko pembeni mwake ndipo pa kubandika. Pasipouma popote, bandika katikati ya eneo.

Bonyeza kila punje sekunde 30 hadi 60, mara tatu hadi tano kwa siku. Kidole gumba nyuma ya sikio, cha shahada mbele, unabana na kuachia. Usisugue. Kusugua ndiko kunakochubua ngozi, na ngozi ya sikio imekaa moja kwa moja juu ya gegedu lisilo na mishipa yake ya damu. Bakteria wakipenya pale, uponaji ni wa polepole na sikio linaweza kupoteza umbo lake. Kwa hiyo mpaka wa nguvu ni huu: uhisi maumivu kidogo na joto sikioni, lakini ukiachia yaishe ndani ya dakika moja. Yakibaki, umezidisha.

Punje zikae siku tatu hadi tano, kisha zibanduliwe, sikio hilo lipumzike na zamu iende kwa lingine. Ukilalia upande wenye punje utaamka na alama nyekundu, na ukirudia usiku wa pili alama inakuwa kidonda. Wekundu wenye umbo la mraba unaowasha maana yake ngozi imeikataa gundi. Badilisha aina ya plasta. Sikio likivimba, likapata moto na kuuma hata usipoligusa, hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna watu ambao tungewaambia waache kabisa. Mwenye historia ya makovu yanayofura, yale yanayoota kwenye matundu ya hereni, asicheze na ngozi ya sikio. Tatizo hilo ni la kawaida zaidi kwa sisi wenye ngozi nyeusi, na maelekezo mengi ya mtandaoni yaliandikwa na watu wasioliwazia. Watoto wadogo pia, kwa sababu punje ikidondoka huishia puani, mdomoni au ndani ya sikio. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, la. Na anayekwenda kupigwa picha ya MRI aondoe punje za chuma na za sumaku kabla ya kuingia.

Kupima

Hapa ndipo penye kazi. Mafua ya chavua hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huanza tiba siku anayoteseka kuliko zote, na siku kama hiyo ikipita, inayofuata kwa kawaida huwa afadhali, punje ziwepo zisiwepo. Akianza Novemba akaendelea wiki sita, anamaliza msimu ukiwa unakufa. Atasema amepona, na atakuwa anasema kweli, ila aliyemponya ni kalenda. Mvua ya siku tatu nayo hufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo lazima uwe na kipimo cha kila siku. Kinachotumika katika utafiti ni jumla ya alama za pua: chafya, kamasi, muwasho na kuziba, kila kimoja 0 hadi 3, jumla 12. Sifuri ni hakuna, 1 ipo lakini haisumbui, 2 inasumbua, 3 inazuia kazi au usingizi. Andika asubuhi kabla ya kuoga na jioni kabla ya chakula, kwa saa zilezile. Pembeni andika kiwango cha chavua cha siku hiyo. Kwa mizani ya Australia, punje za chavua ya nyasi 50 hadi 99 kwa mita ya ujazo ya hewa ni kiwango cha juu, na 100 kwenda mbele ni cha kupindukia. Andika pia kila kidonge na kila mpulizo wa dawa. Daftari lisilo na safu ya dawa halina maana: mtu akimeza vidonge viwili zaidi vya setirizini, dawa ya mzio, wiki ya punje, sifa zote zinakwenda sikioni.

Baada ya hapo gawanya msimu katika jozi za wiki. Katika kila jozi wiki moja ni ya punje na nyingine haina, na sarafu ndiyo iamue ipi itangulie. Jozi nne ni wiki nane, zinaenea vizuri kati ya Oktoba na Novemba. Siku mbili za mwanzo za kila wiki usizihesabu, maana athari ya wiki iliyopita inaweza kuwa bado imo.

Nukta za uongo je? Kwenye jaribio kubwa zinasaidia, ingawa hata huko zina kasoro: bakuli la sikio lina tawi la vagasi, neva inayotoka ubongoni hadi tumboni, na kubonyeza popote sikioni si sawa na kutofanya kitu. Kwa mtu mmoja anayejijaribu hazifai, kwa kuwa ukishaisoma ramani hapo juu huwezi tena kudanganyika. Badala yake ongeza kipimo kisichosikiliza matumaini sana. Kipo kifaa cha plastiki chenye barakoa kinachopima kasi ya hewa unapovuta kwa pua, kwa lita kwa dakika. Penga kamasi, funga mdomo, vuta kwa nguvu mara tatu, andika namba kubwa. Namba zikitofautiana mno kati ya mivuto, barakoa haijakaa sawa usoni.

Dawa ya kawaida usiisimamishe ili kusafisha jaribio. Kama unatumia dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, kwa mfano flutikasoni au mometasoni, endelea nayo kila siku kwa kipimo kilekile wiki zote nane. Swali lako liwe kama punje zinaongeza kitu juu yake. Na mwenye pumu asiguse pampu yake ya kinga hata kidogo. Jioni ya tarehe 21 Novemba 2016, baada ya siku ya joto la nyuzi 35 hivi, dhoruba ya radi ilipita juu ya Melbourne ikiwa na chavua ya raigrasi iliyopasuka kuwa chembe ndogo zinazofika ndani ya mapafu. Maelfu walikimbilia hospitali, watu 10 walikufa. Wengi wa walioathirika walijijua kuwa na mafua ya chavua tu, hawakuwahi kuambiwa wana pumu. Siku ya tahadhari kama hiyo ingia ndani, funga madirisha kabla upepo wa dhoruba haujafika, na kifua kikibana au kikipiga filimbi, tumia pampu ya bluu, ile ya kufungua njia ya hewa, na upige simu ya dharura.

Wiki zikiisha, linganisha siku za punje na siku zisizo na punje zilizokuwa na kiwango cha chavua kinachokaribiana, si wastani wa wiki nzima na wa wiki nyingine. Kwa maoni yangu tofauti ya chini ya alama 2 kati ya 12 haistahili usumbufu wa plasta. Ikizidi hapo, ikajirudia katika jozi tatu kati ya nne, na vidonge havikuongezeka, zitumie msimu ujao kama nyongeza. Isipojitokeza, peleka daftari hilo kwa daktari Agosti, akupime mzio kwa kipimo cha ngozi na mpange dawa ya puani ianze wiki chache kabla raigrasi haijachanua.