4831 isiyo na herufi

Mwaka jana mjane wa jirani yetu hapa Missouri aliniita nimsaidie kupanga vitu vilivyobaki katika gereji ya marehemu mumewe, mzee aliyenifundisha kujaza risasi kwa mkono nilipokuwa bado mgeni katika mji huu. Chini ya meza ya kazi, nyuma ya mizani, tulikuta makopo mawili ya baruti ya zamani na daftari ambamo mzee aliandika kwa penseli kila kipimo alichokijaribu: uzito wa baruti, uzito wa kichwa cha risasi, aina ya fataki (kikombe kidogo kinachowasha baruti), na jinsi matundu yalivyokaribiana kwenye karatasi ya shabaha. Mama yule alinikabidhi daftari akisema kwamba mumewe angependa liende kwa mtu atakayelisoma.

Kwa asiyeijua kazi hii, ganda la shaba la risasi halitupwi baada ya kufyatuliwa. Hurudishwa kwenye umbo lake, hutiwa fataki mpya na baruti iliyopimwa kwa greini, ambazo 7,000 hufanya ratili moja, kisha kichwa kipya hushindiliwa mdomoni. Kipimo hutoka katika kitabu kilichochapishwa na watengenezaji waliokwisha kupima shinikizo kwa vyombo. Baruti inapoacha kutengenezwa, vitabu vipya huiacha pia, na mwenye kopo la zamani hubaki na bidhaa isiyo na maelezo.

Ukurasa uliosumbua akili yangu kuliko yote umeandikwa ".270", yaani aina ya risasi, na "4831", yaani aina ya baruti, bila herufi yoyote mbele ya namba. Baruti ya 4831 ilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mizinga midogo ya milimita 20. Vita vilipokwisha, jeshi la Marekani lilibaki na shehena kubwa za baruti za aina mbalimbali, na mtu mmoja wa Kansas, Bruce Hodgdon, alikopa fedha kwa dhamana ya bima yake ya maisha akaanza kununua masalio hayo. Alianza na 4895 ya bunduki za askari, akaihifadhi katika behewa kuukuu la treni, na baadaye akaiuza 4831 kwa wawindaji, ambao waligundua kwamba uunguaji wake wa polepole unaifaa sana .270 Winchester. Shehena ilipokwisha, Hodgdon aliagiza baruti mpya yenye jina hilo hilo kutoka Scotland, na baadaye kutoka Australia. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya DuPont ilileta sokoni IMR 4831 yake, ambayo huungua kwa kasi zaidi kuliko H4831, yaani ile ya Hodgdon.

Kwa hiyo namba moja imebeba baruti kadhaa. Kipimo kilichokuwa cha juu kabisa kwa baruti ya masalio, kikitiwa IMR 4831, kinaweza kupandisha shinikizo katika chemba, yaani tundu la bunduki linaloshika ganda, kupita mpaka wake, bolti inayolifunga ikakwama au jambo baya zaidi likatokea mbele ya uso wa mpigaji. Ndiyo maana sinakili hapa hata kipimo kimoja cha mzee, ingawa vyote viko mbele yangu ninapoandika.

Kilichonisaidia ni tarehe. Ukurasa wa kwanza wa 4831 una mwaka 1958, na mwaka huo DuPont hawakuwa wakiiuza baruti hiyo kwa jina lao, kwa hiyo mzee alikuwa akitumia masalio ya vita. Nilitafuta vitabu vya vipimo vya kampuni za Lyman na Speer vya miaka hiyo katika maduka ya vitabu vilivyotumika, nikalinganisha, na hesabu za mzee zikaingia ndani ya mipaka yao. Ninasisitiza umri wa kitabu kwa sababu wengi huanza kwa kutafuta jedwali linalopanga baruti kwa kasi ya kuungua, wakaona ya zamani imekaa karibu na mpya fulani, wakadhani moja inaweza kushika nafasi ya nyingine. Jedwali lile hueleza mpangilio tu, halina kipimo ndani yake, na mpangilio wenyewe hubadilika kulingana na ganda na uzito wa kichwa. Kitabu kinachofaa ni kile kilichochapishwa wakati kopo lenyewe lilipokuwa dukani.

Hata hicho kina mpaka wake. Vipimo vingi vya wakati ule vilitokana na kipande cha shaba kilichobanwa na gesi kisha kikapimwa kimefupika kiasi gani, ilhali leo vihisi vya umeme huonyesha mwendo mzima wa shinikizo tangu mwanzo hadi mwisho. Baadhi ya vipimo vilivyoonekana salama zamani vimepunguzwa kwa sababu hiyo.

Tatizo hili lilifika Afrika Mashariki pia. Bunduki za Kiingereza za mitutu miwili walizokuja nazo wawindaji wa Kenya na Tanganyika ziliundwa kwa ajili ya kodaiti, baruti yenye umbo la tambi ndefu za rangi ya kahawia, na ile ya .470 huwa imepigwa mhuri chini ya mitutu, "75-500", yaani greini 75 za kodaiti nyuma ya kichwa cha greini 500. Mitutu yote miwili ilirekebishwa ipige mahali pamoja kwa mwendokasi wa risasi ile tu. Kodaiti haipo tena madukani, lakini chuma bado kinaitaja, na anayezisoma namba zile kana kwamba ni za baruti ya leo amekosea kabisa.

Nirudi kwenye makopo. La kwanza lilikuwa HiVel namba 2 ya kampuni ya Hercules, iliyoachwa kutengenezwa miaka ya 1960. Nilipolifungua uwanjani, upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa umeliwa na kutu, vumbi jekundu lilikuwa limetanda juu ya chembe, na harufu ilikuwa kali ya tindikali badala ya ile tamu inayofanana na ya spiriti. Hapo swali la vipimo liliisha, kwa kuwa baruti iliyoanza kuoza haina kitabu. Niliwapigia simu wazima moto wa hapa, wakaja kuichukua.

La pili lilikuwa kavu, na harufu yake ilikuwa nzuri, ila lebo ilikwisha kubanduka na ubavuni palibaki maandishi ya penseli tu: 4831. Kwenye daftari kuna ukurasa mwingine wa 4831 usio na tarehe, na chembe nilizozitazama kwa kioo cha kukuza zilikuwa vijiti vifupi vya kijivu, sawa na baruti nyingine nyingi. Wazima moto walipokuja niliwapa na hilo. Kando ya ukurasa wa 1958 nimeandika kwa penseli "masalio ya vita", na kando ya ule usio na tarehe nimeandika "haijulikani, usitumie".