Kabla ya kukata taya la mbwa

Mbwa wa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, akianza kunuka mdomo na kudondosha udenda wenye damu, watu husema mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu, yamemchoma. Mara nyingine ni kweli. Mwiba wa sangara au ndoana hukwama ufizini. Ila uvimbe unaochipua tena kila ukikwanguliwa si wa mwiba, huenda ni saratani, na hapo ndipo haraka ya kisu hunitia wasiwasi.

Kitangulie kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa. Kikatwe kwa ndani ya mdomo, si kupitia ngozi ya shavu, maana njia hiyo nayo italazimika kuondolewa baadaye. Kitiwe kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhi nyama, ujazo wake mara kumi ya kipande. Rangi haiaminiki: melanoma, saratani ya chembe za rangi, nyingi ni nyeusi, lakini karibu theluthi moja hazina weusi. Tena mbwa wazururaji wana uvimbe wao wa kuambukizana kwa kupandana, kunusana na kulambana. Huo hutibiwa kwa vinkristini, dawa ya saratani, ya mshipani kila wiki. Kumkatia taya mbwa wa namna hiyo ni kumwonea.

Ili kujua kama saratani imesambaa, tezi za limfu za chini ya taya zichomwe sindano ya kupima hata kama hazijavimba, na kifua kipigwe eksirei. Eksirei ya taya huchelewa kusema: mfupa huonekana umeliwa ukiwa umeshapoteza kama asilimia 40 ya madini yake.

Upasuaji huondoa mfupa pamoja na meno yake, na sentimita 1 hadi 2 za nyama nzima kuzunguka uvimbe. Faibrosakoma, saratani ya nyuzinyuzi za nyama, hudai 2 hadi 3. Taya la juu ndilo gumu. Damu ni nyingi, na nyama ya shavu ikivutwa sana kuziba pengo, nyuzi hufumuka, linabaki tundu la kutokea puani, na maji ya kunywa humwagikia huko. Shavu lilegezwe vya kutosha, lishonwe tabaka mbili. Na kitambaa kilichowekwa kooni kuzuia damu kitolewe kabla ya mpira wa hewa, hili husahaulika.

Kisha chakula laini karibu mwezi mzima, kola shingoni, mifupa marufuku. Taya la chini lililobaki likihamia upande, chonge huchoma kaakaa. Ifupishwe au ing'olewe. Sura hubadilika kidogo, ulimi huning'inia, lakini wengi hurudia kula ndani ya siku chache. Kwa melanoma, mwenye mbwa aambiwe kabla ya kulipa kwamba hata ikikatwa vizuri, mara nyingi mbegu zake zimeshafika mapafuni.