Nilivyoviweka kazini viini vyote sita vya prosesa

Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya Ryzen 5 3600, yenye viini (cores) sita, kila kimoja kikiweza kuhesabu peke yake. Programu niliyoikuta kazini ilitumia kimoja tu. Vitano vilikaa bure usiku kucha huku hicho kimoja kikihesabu.

Hesabu yenyewe ni hii: kwa kila mwaka, mvua ya masika, Machi hadi Mei, ilikata kwa siku ngapi mfululizo? Mkulima wa Handeni au Same anajua mvua ikikata mahindi yakiwa yanatoa mbelewele inamgharimu nini. Nilitaka tuweze kuirudia hesabu hiyo mara nyingi kwa siku, kwa vipimo tofauti vya ukavu.

Data zilitoka CHIRPS, makadirio ya mvua ya kila siku yanayochanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini tangu 1981. Ramani yake imegawanywa vijisanduku vya digrii 0.05, karibu kilomita 5.5 kila upande. Nilichukua eneo linaloizunguka Tanzania, digrii 29 hadi 41 mashariki na 1 hadi 12 kusini: vijisanduku 52,800. Kwa miaka 40 ya 1981 hadi 2020 kuna siku 14,610. Zidisha, unapata namba zaidi ya milioni 770, yaani kama GB 3 za RAM.

Wapo walioniambia ninunue prosesa yenye kasi zaidi. Njia hiyo ilifungwa zamani. Pentium 4 ya Intel ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004, na joto likawa kubwa mno. Mwaka huohuo Intel iliufuta mradi wa Tejas, prosesa iliyokuwa iirithi. IBM ilikuwa imeshatoa POWER4 yenye viini viwili mwaka 2001, na kufikia 2005 Intel na AMD nao wakaanza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za kawaida. Tangu hapo nguvu mpya huja zaidi kwa kuongeza viini, na programu isiyojua kuvigawia kazi haionji nguvu hiyo.

Nilianza na mpangilio wa data, na hapa ndipo palipolipa kuliko kwingine kote. Faili za CHIRPS nilizokuwa nazo zimepangwa siku kwa siku: ramani nzima ya leo, kisha ramani nzima ya kesho. Mimi nilihitaji kijisanduku kimoja kwa siku zake zote. Prosesa haichukui namba moja moja kutoka RAM. Huvuta baiti 64 kwa mpigo. Ukiruka kutoka ramani hadi ramani, kila mpigo unakupa namba moja ya maana na kumi na tano usizozihitaji. Nikazipanga upya, siku zote za kijisanduku zikae pamoja, nikaihifadhi faili hiyo. Hata kiini kimoja peke yake kilianza kwenda mbio.

Ndipo nikaleta OpenMP, zana ya kugawia viini kazi, kwenye programu yangu ya C++. Kila kijisanduku kinahesabika bila kumsubiri jirani, kwa hiyo nilikata eneo vipande sita, kila kiini digrii mbili za longitudo. Kiini cha mwisho kilipewa digrii 39 hadi 41, ambako sehemu kubwa ni Bahari ya Hindi. CHIRPS hupima mvua ya nchi kavu tu, basi kiini hicho kilimaliza mapema kikakaa. Nikabadili mgao: vipande vidogo vidogo, na kila kiini kikimaliza kinachukua kingine kilichobaki. Wote wakawa wanamaliza karibu pamoja.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kukiona. Kila kiini kilikuwa na kihesabio chake cha vipindi vikavu vilivyozidi siku kumi, lakini vihesabio sita vya baiti 8 vinaenea ndani ya zile baiti 64. Kiini kimoja kikiandika, nakala zilizo kwenye kache (kumbukumbu ndogo za haraka zilizo karibu na viini) za wenzake zinabatilika na lazima wazichukue upya, ingawa hakuna anayegusa namba ya mwenzake. Nikampa kila mmoja kihesabio cha ndani, jumla ikafanywa mwishoni mara moja.

Muda ulipungua karibu mara nne, si sita. Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, aliieleza sababu mwaka 1967: sehemu isiyogawika ndiyo inayoweka kikomo. Kusoma faili kulikuwa kama asilimia 10 ya kazi yote. Kwa viini sita unabaki na mara nne, na hata ukiwa navyo elfu huvuki mara kumi. Kwa hiyo sasa programu inaisoma faili mara moja, inaiacha kwenye RAM, na inapokea vipimo vipya vya ukavu kimoja baada ya kingine. Prosesa hii inaweza kuendesha nyuzi (threads) 12, yaani mikondo ya hesabu inayokwenda sambamba, mbili kwa kila kiini, nami nilizijaribu. Faida ilikuwa ndogo, maana njia za kwenda RAM ni zilezile mbili. Nimeiacha kwenye sita.