Filamu yetu imeingia kwenye chaneli za bure

Jamani, nina furaha! Filamu tuliyopiga pale Katwe, Kampala, imeanza kuonyeshwa Marekani kwenye chaneli za bure za mtandaoni, zile ambazo mtazamaji halipi kitu, matangazo ndiyo yanalipa. Kule ni biashara kubwa: mwaka 2020 kampuni ya Fox iliinunua Tubi, huduma mojawapo ya aina hiyo, kwa dola milioni 440.

Msambazaji wetu ni kampuni ndogo ya kujitegemea. Hakuna hela ya mkupuo. Tunagawana mapato ya matangazo kadiri watu wanavyotazama. Jasho lilitutoka kwenye makaratasi. Walitaka kibali cha kila muziki, hata wimbo unaosikika sekunde chache tu kwenye redio ya bodaboda inayopita! Tulimsaka mwenye wimbo hadi Wandegeya, akatia sahihi juu ya boneti ya gari.

Wenzangu wa Kampala, kabla ya kusaini ulizeni: haki mnazotoa ni za miaka mingapi, na gharama za msambazaji zinakatwa kabla ya mgawo au baada? Haki za Afrika Mashariki nilikataa kuzitoa. Hizo ni za vibanda vyetu vya video na mavijei wetu, wale wanaotafsiri na kusimulia filamu kwa watazamaji.